Hesabu ya Wodi Ndiyo Humgeuza Daktari

Wakunga wenzangu wa hapa Lamu hunilalamikia jambo moja: mwongozo mpya umeshabandikwa ukutani, lakini daktari angali anazalisha kama alivyofundishwa chuoni. Jawabu langu ni kwamba karatasi peke yake haimsogezi mtu. Madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha mwaka 1972 kwamba sindano za steroidi (dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto) anazodungwa mama aliye karibu kuzaa kabla ya wakati huokoa watoto njiti, na bado ilipita miaka 20 na zaidi kabla hazijawa jambo la kawaida. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2000 uliounga mkono upasuaji kwa mtoto aliyetanguliza matako ulipokewa mara moja. Nchini Uholanzi upasuaji huo ulipanda kutoka asilimia 50 hadi 80 ndani ya miezi miwili. (Daktari, nionavyo mimi, ni mwepesi wa kukubali badiliko linalomrudisha kwenye kisu.)

Kinachomgeuza hasa ni kile anachokiona kikipimwa kwa wagonjwa wake mwenyewe. Chukua damu inayotoka baada ya kuzaa. Nimeona mara nyingi leso mbili zimerowa chepechepe chini ya mzazi, na ndani ya faili mmeandikwa mililita 200, kwa sababu kilichopima ni macho. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko wa alama za vipimo, na tiba zikatolewa kwa pamoja badala ya kungojana: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mishipa na uchunguzi. Utokaji mkubwa wa damu na madhara yake ukapungua kwa asilimia 60. Kwetu, ambako mama wa rufaa huvushwa kwa boti kutoka kisiwani hadi Mokowe, upande wa bara, kabla ya kuishika barabara, kuchelewa kujua ni hatari kubwa.

Basi usibishane na daktari mbele ya mgonjwa, wala mbele ya mama mkwe wa mgonjwa. Teua jambo moja tu, lipime kwa kila mzazi, zamu ya usiku ikiwemo, kisha peleka daftari kwenye kikao cha kupitia vifo vya uzazi na umwombe daktari azisome tarakimu yeye mwenyewe. Akiuliza kwa nini za usiku zimezidi, mwachie auendeshe mjadala. Likishakuwa swali lake, ndiye atakayemwendea msimamizi wa hospitali kudai mifuko iagizwe.