Usimfute mtu kabla hujasoma barua iliyorudi

Wadogo zangu mnaoshika listi za barua pepe hapa Kigoma, juzi nimeliona tena. Barua zimerudi usiku, asubuhi kijana kafungua orodha ya wanachama, kafuta majina kadhaa, kisha kaja na furaha zake: "Kaka, nimeshasafisha listi." Waliofutwa hawakuwa na kosa lolote. Jambo hili linaniuma kila likijirudia.

1. Barua iliyorudi isomwe mpaka chini, kwenye zile tarakimu. Zikianza na 4, kama 451, seva ya upande wa pili inaomba usubiri. Yako itajaribu tena yenyewe. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, huyo mtoe. 5.2.2 ni sanduku lililojaa. 5.7 ni mambo ya sera na usalama, na hapo ndipo mnapoumiza watu.

Hawa wa juzi walikuwa wa 5.7. Listi yenyewe ni ya watu wa ziwani: Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie, Mpulungu. Mmoja kaandika kwa anwani ya Yahoo. Tangu Aprili 2014, Yahoo inatangaza kupitia DMARC, utaratibu wa mwenye jina la anwani kusema barua zisizothibitika zifanyweje, kwamba barua yenye jina lake ikishindwa kuthibitishwa, ikataliwe. Listi yetu hubandika lebo kwenye mada na maneno mwishoni mwa barua, basi sahihi ya DKIM, alama ya siri inayoonyesha barua haijaguswa, inaharibika, kama lakiri iliyobanduliwa njiani. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, nayo haiokoi, maana barua imetoka kwenye seva yetu, si ya Yahoo. Gmail ya wapokeaji ikaikataa. Sasa angalieni: anayehesabiwa kurudisha barua ni mpokeaji! Aliyeandika yuko salama, mzee wa Kalemie ambaye hajaandika neno ndiye anayelimbikiziwa pointi za barua kurudi. Kwa mipangilio ya kawaida ya Mailman 2.1, programu inayoendesha listi, zikifika 5 anasimamishwa kupokea. Kijana wetu hakungoja hata hizo.

Dawa ni kuchagua Munge From, yaani kubadili anwani ya mtumaji, kwenye mipangilio ya DMARC ya listi. Barua itatoka kwa anwani ya listi, si ya Yahoo, jina la mwandishi litabaki, na anwani yake itahamia kwenye Reply-To, sehemu ya anwani ya kujibia. Jaribuni kwanza kwenye listi ndogo yenye anwani zenu wenyewe, za Yahoo na za Gmail.

2. Barua zilizozuiwa zipitieni kila asubuhi. Kikomo cha kawaida cha ukubwa wa barua kwenye Mailman 2.1 ni KB 40. Mtu wa Kibirizi akituma picha ya migebuka kwa simu, inakaa hapo ikikusubiri wewe, naye anadhani amepuuzwa.

3. Majibu ya "niko likizo" yasiachwe yaingie kwenye listi. Mawili yakikutana yanaweza kujibizana mpaka Jumatatu.

Na wale waliofutwa, majina yao yamo kwenye logi. Waandikieni mmoja mmoja leo, muwaombe radhi, kisha muwarudishe.