Mwenye Nyumba Hana Ruhusa ya Kukutoa kwa Mkono Wake: Kwa Wapangaji Wenzangu wa England

Nawaandikia wabeba boksi wenzangu, hasa mliofika miaka ya karibuni kwa viza za kutunza wazee au za masomo na mnaishi nyumba za kupanga. Nataka mlishike jambo moja: huku England mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji yeye mwenyewe. Uwe unadaiwa kodi, mkataba uwe umeisha, nyumba iwe imeuzwa, bado ni lazima aende mahakamani, isipokuwa hali mbili nitakazozitaja huko mbele. Anayekuja kukutoa ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, na kabla hajafika utakuwa umeletewa taarifa ya siku 14.

Wengi wetu hatuamini hili kwa sababu tumekulia vyumba vya kupanga vya Buguruni na Manzese, ambako baba mwenye nyumba akichoka nawe anang'oa mlango au anaezua bati, na mtaa mzima unamwona yuko sahihi kwa kuwa nyumba ni yake. Tunaivuka bahari na mazoea hayo. Akituma meseji ya "ondoka", tunafunga virago usiku huohuo na kwenda kulala sebuleni kwa ndugu.

Mimi nilitumiwa meseji hiyo na wakala wa mwenye nyumba wangu siku ya Ijumaa jioni. Alitaka nyumba iwe wazi Jumatatu. Nikamjibu kwa maandishi kwamba mkataba wangu unaendelea na kodi nimelipa. Jumatatu asubuhi narudi kutoka zamu ya usiku, ufunguo hauingii. Mlango ni uleule uliobabuka rangi, lakini kitasa ni kipya, kinang'aa. Vitu vyetu vilikuwa uani kwenye mifuko myeusi ya takataka, mvua inanyesha: kanga, sufuria zikiwa bado na wali wa jana, na sare ya shule ya binti yangu imelowa chapachapa.

Niliwapigia polisi simu. Askari wakafika, wakatazama, wakasema huu ni ugomvi wa mkataba, hauwahusu. Wapangaji wengi huambiwa hivyo, na sivyo sheria inavyosema. Kumfungia mpangaji nje bila amri ya mahakama ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kinga dhidi ya Kufukuzwa ya mwaka 1977, Protection from Eviction Act kwa jina lake la huku. Litaje jina hilo mbele ya askari, taja na mwaka, na uombe namba ya tukio hata kama wanaondoka bila kufanya lolote. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Aliyenisaidia siku ile ni ofisa wa halmashauri ya mji. Halmashauri nyingi zina mtu au kitengo cha kushughulikia wapangaji wa nyumba za watu binafsi, na ndizo zenye mamlaka ya kuwashtaki wenye nyumba kwa kosa hili. Piga simu, sema "illegal eviction", yaani kufukuzwa kinyume cha sheria, kabla hujasema kitu kingine, useme na kama una mtoto. Yule ofisa alimpigia wakala mbele yangu, akamsomea kifungu cha sheria na adhabu yake. Kabla ya magharibi nilikuwa na ufunguo mpya. Angegoma, hatua iliyofuata ilikuwa kuomba amri ya dharura ya mahakama ya kunirudisha ndani. Hakimu anaweza kuitoa haraka sana, hata kabla mwenye nyumba hajasikilizwa. Usivunje mlango kabla hujaongea na mshauri.

Lakini kinachotukimbiza hasa ni hofu ya viza. Wakala aliniambia wazi kwenye simu: ukileta fujo nawaita uhamiaji. Najua dada zangu kadhaa waliotishiwa hivyo wakaondoka kimya, mmoja akiwa na mimba kubwa, na hadi leo nikikumbuka naumia. Ndugu zangu, kudai haki yako ya upangaji si kuvunja sharti la viza. Viza zetu nyingi zina sharti la kutotumia fedha za umma. Sharti hilo linagusa posho za serikali na kupewa makazi na halmashauri. Halikatazi kumlalamikia mwenye nyumba kwa ofisa wa halmashauri, halikatazi kwenda mahakamani, na wala halikatazi kupewa wakili wa msaada wa kisheria anayelipwa na serikali. Hata msaada wa idara ya watoto kwa familia yenye mtoto iliyokosa pa kulala, ule wa kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, hauhesabiwi kuwa fedha za umma. Kuomba si kosa. Asiye na kibali kabisa ndiye hali yake ni nyingine: Sheria ya Uhamiaji ya 2014 inampa mwenye nyumba njia ya mkato pale Wizara ya Mambo ya Ndani inapotoa notisi. Huyo amtafute wakili kabla ya jambo lolote.

Kuhusu ushahidi, uandae sasa hivi ukiwa bado una amani. Lipa kodi kwa benki. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania pesa taslimu, mtumie meseji papo hapo: "Nimekupa kodi ya mwezi huu, pauni kadhaa," na aijibu. Hifadhi mkataba na picha za nyumba mahali ambapo utazifikia simu ikipotea au ikiwa imefungiwa ndani. Siku ya tukio piga picha kitasa, mlango, na mifuko ilivyowekwa, kisha fungua kila mfuko na uandike kilichoharibika kabla hujaanika chochote. Mimi nilizuiwa na kaka mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi. Nilishaanza kukamua sare ya mtoto, akaniambia, "Dada, piga picha kwanza." Vitu vilivyolowa vililipwa kwa picha hizo.

Kaka huyohuyo alinionya nisisaini chochote. Siku chache baadaye wakala alikuja kwa upole, na karatasi ya mstari mmoja na bahasha ya pesa. Karatasi ilisema nimeirudisha nyumba kwa hiari. Ukisaini hiyo umeua upangaji wako kwa mkono wako mwenyewe, na ngumu kuja kudai ulifukuzwa. Mwambie aiache, utaipeleka kwa mshauri. Kurudisha ufunguo nako kunaweza kusomwa vilevile.

Upande wa pesa wengi hawaujui. Amana yako, ile deposit uliyolipa ukiingia, lazima iwekwe kwenye mfuko rasmi wa ulinzi ndani ya siku 30 tangu uilipe. Ipo mifuko mitatu, na kila mmoja una tovuti ambako unaweza kuangalia jina lako. Isipokuwepo, mahakama inaweza kukupa fidia ya mara moja hadi mara tatu ya amana yenyewe. Yangu haikuwepo. Mwenye nyumba alilipa tukapatana kabla ya siku ya kesi. Aliyefukuzwa kinyume cha sheria anaweza pia kuliomba baraza la First-tier Tribunal arudishiwe kodi aliyolipa; kikomo kilikuwa kodi ya miezi 12, na sheria ya wapangaji ya mwaka 2025 imekipandisha hadi miezi 24. Sheria hiyohiyo imefuta kuanzia tarehe 1 Mei 2026 ile notisi ya kifungu cha 21, iliyokuwa inamtoa mtu bila kutaja sababu. Scotland na Wales wana sheria zao.

Nimebakisha wale waliopanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe, mnatumia jiko au bafu moja. Waswahili wengi tunaanzia hapo, kwa Mtanzania au Mkenya mwenzetu anayetukatia chumba. Kinga yenu ni ndogo: hahitaji amri ya mahakama, anatakiwa kukupa muda wa kutosha tu, mara nyingi sawa na kipindi unacholipia kodi. Ukilipa kwa wiki, muda huo unaweza kuwa wiki moja. Kwa hiyo mwombe mwandikiane muda wa notisi siku ya kuingia, hata kama ni shemeji yako, na ukiweza uwe na nauli na kodi ya mwezi mmoja pembeni.

Simu za bure za ushauri ni ya Shelter, 0808 800 4444, na ya Citizens Advice, 0800 144 8848. Civil Legal Advice wako 0345 345 4345 kwa wenye kipato kidogo. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, waulize; Civil Legal Advice wanamtafuta bila malipo.