Sup ya anatomia na supu ya moyo: maswali yenu na majibu yangu

Safu iliyopita nilisimulia nilivyopata 41 kwenye Anatomia na Fiziolojia, muhula wa kwanza wa utabibu, nikarudi chuoni likizo kufanya sup, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, wakati wenzangu wako kwao wanakula ubwabwa. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua haya.

Dada, sema ukweli. Ulikuwa husomi? (Mwaka wa kwanza, uuguzi)

Nilikuwa nasoma, mdogo wangu, na ndiyo maana iliuma. Nilipiga msuli hadi saa nane usiku, miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie, desa, yaani notsi zangu, limepakwa rangi tatu. Nikilifungua, kila kitu nakijua. Nikilifunga, kimeondoka. Kuna mtu unamwona kituo cha daladala kila asubuhi, sura yake unaijua hata gizani, lakini ukiulizwa jina unabaki "yule... yule nani." Ndivyo nilivyoujua mfumo wa damu.

Pepa la mwisho huwa haturudishiwi. Tesi ya pili, yaani jaribio la darasani, ilirudi, nikakaa nayo chini ya mwembe na penseli. Nilikuwa na 17 kati ya 40. Zile 23 zilizopotea nikazigawa. Alama tisa, kweli sikujua. Nane, nilijua ila nilichanganya kitu na jirani yake. Sita, sikujibu nilichoulizwa. Swali lilitaka nieleze kwa nini chumba cha chini cha kushoto cha moyo kina ukuta mnene kuliko cha kulia. Mimi nikachora moyo, nikaweka majina yote, nikapita. Mchoro ulikuwa mzuri, hadi leo nausikitikia. Jibu lilikuwa sentensi mbili: cha kulia kinasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani, cha kushoto kinaisukuma hadi kwenye ubongo na vidole vya miguu, kwa hiyo kinahitaji nguvu zaidi.

Ningekesha tena kwa mtindo uleule, ningekuwa nashughulikia zile tisa peke yake.

Hizo nane za kuchanganya ni zipi? Isije ikawa ni zangu pia. (Mwenzio, maabara)

Pengine ni zako. Yangu kubwa ilikuwa mshipa.

Nyumbani kwetu mshipa ni chochote chembamba kinachopita mwilini. Damu inapita kwenye mshipa. Ukigonga kiwiko na mkono ukafa ganzi, umegonga mshipa. Shingo ikikaza, ni mshipa. Mzee akivimba korodani, ana mshipa. Nikaingia darasani na neno hilo moja, nikakuta vitu vinne vinanisubiri: ateri inayotoa damu moyoni, vena inayoirudisha, neva inayopeleka taarifa za ubongo na kano inayoshika msuli kwenye mfupa. Vyote nikavipangisha chumba kimoja kichwani, na mtihani ukigonga hodi, anatoka aliye karibu na mlango. Kwenye swali la kiwiko niliandika ateri. Ni neva.

Halafu kuna ile kanuni tuliyotoka nayo sekondari, kwamba ateri hubeba damu safi na vena damu chafu. Inakufikisha mbali, kisha inakuacha mapafuni. Ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena za mapafu ndizo zinazorudi na iliyojaa. Kwa mtoto aliye tumboni ni hivyohivyo: ateri mbili za kitovu hupeleka kwenye kondo damu iliyokwisha tumika, na vena moja humrudishia iliyo nzuri. Kinachoipa ateri jina ni safari yake, inatoka moyoni. Usafi wa damu haumo. Na neno "chafu" lenyewe silipendi, damu ile haina uchafu wowote.

Nyingine ni kulia na kushoto. Kwenye michoro, mwili umekutazama, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Nilijua hilo. Kwenye praktiko nikaligeuza bado, ini likahamia upande wa wengu.

Ulijiandaaje na sup? Mbinu tu, hadithi baadaye. (Mwenye haraka)

Karatasi tupu. Nasoma ukurasa mmoja, nafunga, nachora au naandika ninachokumbuka, kisha nafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Inachosha na inatia aibu, maana wekundu unakuwa mwingi. Kuna utafiti wa Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, wa mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima bila kuangalia ndio walikuwa mbele. Nilipousoma nikalikumbuka lile beseni langu. Usiku najiona bingwa, Jumatatu sina kitu.

Hadithi umeikataa lakini nakupa. Nilinunua moyo wa ng'ombe buchani, tukaupasua watatu chumbani kwa kisu cha nyanya. Kidole kimoja upande wa kulia, kimoja wa kushoto, unene wa kuta unausikia mwenyewe, hakuna cha kukariri. Tulibishana nusu saa upande upi ni upi, kwa kuwa nilikuwa nimeushika umenigeukia. Kisha tukauchemsha na ndimu na pilipili. Supu kabla ya sup.

Mifupa 206 naimezaje? (Kidato cha sita)

Usiimeze yote. Mikono na miguu, pamoja na mifupa ya mabega na nyonga, ni 126, na kulia ni sawa na kushoto. Umebakiwa na 63 ya kujifunza huko, na karibu nusu yake ni ya vidole. Anza hapo.

Mwanangu, binti yangu anasoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), amepata S ya Baiolojia, karibu kabisa na kufeli. Nimnyang'anye simu? (Mama wa watatu)

Shikamoo mama. Simu wewe ndiye unayejua inavyotumika hapo nyumbani, siingilii. Ila kabla ya hapo mwombe akuletee karatasi yenyewe, akueleze swali moja alilokosa. Huhitaji kujua baiolojia. Mama yangu anachoma vitumbua, na nilipokuwa namweleza mzunguko wa damu akageuza kitumbua na kuuliza, "Sasa hiyo ikishafika mguuni, inapandaje kurudi?" Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikuwa sijui habari za vali, vilango vinavyozuia damu kurudi chini ndani ya vena, wala misuli ya shavu la mguu inavyoikamua damu kwenda juu tunapotembea. Nilienda kuzisoma jioni ileile.

Mwalimu hakuwa na chuki na wewe? (Bila jina)

Hapana. Nilitamani awe nayo, ingekuwa rahisi.

Sup ulipata ngapi, na sasa unalipenda somo? (Jirani yako wa bweni, unanijua)

Nakujua. Nilipata 63, ila chuoni kwetu ukipita kwa sup inaandikwa C, basi.

Somo nililipendea kwenye figo. Kwa siku moja figo huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu, yaani ndoo tisa za lita 20, na karibu zote zinarudishwa mwilini. Tunachokwenda kumwaga chooni ni lita moja na nusu hivi. Sisi tuliobeba ndoo mbili tu asubuhi kutoka bombani tunaijua kazi hiyo. Nilipopiga hesabu ya ndoo niliacha kuogopa nefroni, vile vichujio vidogo vya ndani ya figo.

Homoni ndizo bado hatujapatana. Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na inaamrisha mwili karibu mzima. Tesi yake ni Alhamisi, na karatasi yangu ya jana usiku imerudi nyekundu.