Kuandika Matangazo bila Kuiacha Hadithi

Vijana wanaoandika hadithi hapa Mwanza huniuliza mara nyingi kama kazi ya kuandika matangazo ya biashara haitaua kalamu zao. Kwa uzoefu wangu, kazi hiyo haiui kipaji, lakini hudai kile kile ambacho hadithi inakihitaji, yaani akili iliyopumzika na sikio la maneno, kwa hiyo anayetaka kuzishika zote mbili hana budi kuamua mapema ni ipi itakayopata saa zake zenye nguvu. Mimi nimeipa hadithi alfajiri, kabla sijasoma ujumbe wowote wa mteja, kwa sababu tangazo lina mtu wa kulidai na hadithi haina.

Faida ya matangazo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tangazo la redio la sekunde 30 halibebi zaidi ya maneno 60 hivi yanayosomwa kwa utulivu, na ndani yake jina la bidhaa, ubora wake na mahali inapopatikana lazima visikike. Nidhamu hiyo humzoeza mtu kufuta sentensi nzuri isiyo na kazi.

Hata hivyo, kazi hizi mbili hazimtazami mtu kwa jicho moja. Chukua dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mfanyabiashara anayeanika juu ya vichanja ana jambo moja la kutangaza: dagaa wake hawana mchanga, tofauti na wanaoanikwa chini. Mwandishi wa tangazo huishia hapo, na ni haki yake. Mwandishi wa hadithi ndipo anapoanzia. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hufikishwa ufukoni alfajiri, kisha huhitaji jua kali. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, huharibika, na waliokusudiwa kuwa mboga huuzwa kwa bei ya chini ili wakawe chakula cha kuku. Je, mama aliyewanunua kwa mkopo atamwambia nini mdai wake jioni? Tangazo haliulizi swali hilo, wala halipaswi kuliuliza. Ndiyo maana ninatunza daftari la pembeni kwa yale yote niliyoyasikia kazini ambayo mteja hakuyahitaji, na hadithi zangu nyingi zimetoka humo.

Jihadhari na mazoea ya kusifu unayoyatoa kwenye matangazo. Ninapohariri hadithi, hutafuta kila sentensi inayombembeleza msomaji ampende mhusika, nikaifuta.

Lipo pia suala la subira. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Mwandishi anayeweza kusubirishwa kiasi hicho anahitaji kula na kulipa kodi ya nyumba, nami sioni aibu yoyote tangazo likimlisha mwandishi wa riwaya.

Kabla ya kusaini mkataba wa ajira, omba kiandikwe waziwazi kifungu kinachosema kwamba kazi za kubuni unazoziandika nje ya saa za kazi ni mali yako. Mwajiri mwelewa hatakataa, na muswada ukishakamilika utaweza kuupeleka kwa mchapishaji, au kuuwasilisha kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, bila kumwomba mtu ruhusa.