Mshumaa chini ya glasi: waache wabishane kwanza

Mwalimu, umeuliza jinsi ya kuwafanya kidato cha pili wafikiri badala ya kukariri. Tumia mshumaa kwenye sahani ya maji, ufunikwe na glasi. Kabla ya kuwasha, kila mmoja aandike utabiri na sababu. Asiyeandika atadai baadaye kwamba alijua. Moto utazimika na maji yatapanda ndani ya glasi; wengi watasema ni kwa kuwa oksijeni imeisha. Usiwasahihishe! Rudia kwa vipande 3 vya mshumaa, glasi ileile: maji yanapanda zaidi, na oksijeni haikuongezeka. Waulize pia mbona maji yalipanda kwa kasi moto ulipozimika. Hoja ya hewa moto kupoa na kusinyaa wataifikia wenyewe, ila usikimbilie kujibu. Kimya cha sekunde 10 darasani hakiui mtu.