Binti mkimya anayeota mchana darasani naye apimwe ADHD

Wazazi wenzangu, hasa nyie wenye watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne, hii ni ya kwenu. Watu wakisikia ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kushika umakini au kuhangaika na kukurupuka kupita kiasi, moja kwa moja wanawaza yule mtoto wa kiume anayepanda madirisha, anayekatiza watu maneno, anayesukuma wenzake kwenye foleni ya uji, yule ambaye hata jirani atakwambia hebu mpeleke hospitali huyu. Sasa kuna mwingine ambaye hakuna anayemshtukia kwa sababu hasumbui mtu, amekaa zake dawati la nyuma ametulia, anaangalia nje, na kila muhula ripoti inakuja imeandikwa "ana uwezo ila hajitumi". Binti yangu ni huyo. Na ninachotaka kuwaambia ni kwamba mtoto wa namna hii dokta hawezi kumjua kwa kumwangalia dakika chache kwenye kiti, hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuonyesha ADHD, kwahiyo kinachombeba mtoto ni kumbukumbu unazokusanya wewe mzazi pamoja na mwalimu wake.

Nyumbani ilikuwa hivi. Unamtuma dukani unga na kiberiti, anarudi na kiberiti peke yake, au anarudi na hela yenyewe kwa sababu njiani kakuta kuku wana vifaranga. Asubuhi unamwambia vaa soksi, beba chupa ya maji, chukua sweta, ukija kumwangalia amekaa kitandani soksi moja mguuni, ya pili kaivaa mkononi anaisimulia stori, na gari la shule linapiga honi nje. Homuweki ya nusu saa inakula jioni nzima, na sio kwamba hajui, ukikaa pembeni ukamwekea kidole kwenye swali anajibu vizuri tu, ukiinuka kugeuza chapati ukirudi yupo palepale ulipomwacha.

Kilichonishtua zaidi ni madaftari yake ya mazoezi. Siku moja nikayafungua yote kwa pamoja nikayapanga mezani. Kila ukurasa tarehe imeandikwa kwa mwandiko mzuri, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, swali la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu limeishia katikati ya mstari, afu kuna kipepeo kachorwa. Kalamu nyekundu: "Hujamaliza." Fungua ukurasa mwingine, hivyohivyo. Hesabu hivyo, Kiswahili hivyo, sayansi hivyo. Mtoto asiyeelewa somo unaona makosa, huyu makosa hana, anakatika njiani. Ndo maana nawaomba sana, madaftari ya zamani msiwape wauza karanga wakafungie, yawekeni, siku ya kliniki yanaongea kuliko maelezo yote mtakayotoa.

Sasa vigezo, maana mitandaoni kila mtu siku hizi anasema ana ADHD. Madaktari wengi wanafuata mwongozo unaoitwa DSM-5, uliotolewa Marekani mwaka 2013. Una dalili 9 za upande wa umakini (kusahau, kupoteza vitu, kutomaliza kazi, kuonekana kama hasikii ukimsemesha, kukwepa kazi inayotaka akili itulie muda mrefu, na nyingine za aina hiyo) na dalili 9 za upande wa kuhangaika na kukurupuka. Mtoto anatakiwa awe na angalau 6 za upande mmoja, au 6 za kila upande, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zizidi kiwango cha umri wake, baadhi ziwe zimeanza kuonekana kabla ya miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe zinamharibia kweli masomo au maisha na wenzake. Kwahiyo kuna wa kuhangaika, kuna wa umakini peke yake, na kuna wenye vyote viwili. Wasichana wengi wanaangukia hapo kwenye umakini peke yake, ndo maana wanapitwa au wanagunduliwa wakiwa wakubwa wameshaamini kwamba wao ni wajinga. Hilo linaniuma sana.

Hapo kwenye sehemu mbili naomba mpaelewe. Kama mtoto anashindwa kutulia shuleni tu na nyumbani yuko sawa kabisa, tafuteni kwanza kuna nini huko shuleni, labda anaonewa, labda haoni ubaoni. Na hili naliona sana huku kwetu, mtoto katoka shule ya Kiswahili kahamishiwa inglishi midiamu, mwalimu anaongea yeye anaelea, halafu anaambiwa hana umakini, jamani huyo hajaelewa lugha! Mpe muda kwanza. Na kama shida imeanza ghafla, mtoto alikuwa vizuri tu hadi darasa la tatu afu kabadilika, ulizeni kimetokea nini, msiba, wazazi kutengana, kahamia kwa ndugu, kuna mtu anamuumiza. ADHD huwa haiji ghafla namna hiyo.

Halafu kuna mambo ya mwili ambayo yanafanana nayo kabisa na lazima yaangaliwe. Masikio na macho ndo vya kwanza. Damu kupungua nayo inamfanya mtoto azubae. Usingizi pia, mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi huenda ana vinyama vya puani, halali vizuri, mchana anakuwa kama huyu huyu ninayemsimulia. Na kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatetemeki, anaduwaa sekunde chache tu, anakatika katikati ya neno, pengine kope zinachezacheza, afu anaendelea kama hakuna kilichotokea, na inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Tofauti mnaweza kuipima wenyewe, mtoto anayeota mchana ukimgusa bega anashtuka anakurudia, wa kifafa ukimgusa harudi mpaka hiyo hali ipite. Ukiona hivyo mrekodi video kwa simu, umuonyeshe dokta, wanaweza kumwandikia kipimo cha umeme wa ubongo, EEG. Kama aliwahi kuugua malaria kali ya kupanda kichwani, au degedege, au alizaliwa akachelewa kulia, hayo yote yasemwe, msifiche eti mtaonekana wazazi wabaya.

Kumbukumbu zenyewe si kazi kubwa. Chukua daftari dogo, andika tarehe, nini kimetokea, alikuwa anafanya nini, ilichukua muda gani. Usiandike "leo kanisumbua", andika "nimemwambia atoe sahani mezani, kaenda mpaka mlangoni kasahau, nimemrudia mara tatu". Andika na anavyoviweza pia, wangu akipewa penseli za rangi anakaa anachora mpaka giza linaingia, na watu wanasema mbona hapo anatulia, basi anajifanya. Hajifanyi. Mtoto mwenye ADHD umakini anao, shida iko kwenye kuuelekeza pale anapotakiwa, kitu anachokipenda kinamshika na kazi ya kurudiarudia haimshiki.

Kwa mwalimu nendeni kwa heshima. Ana watoto 60, 70, wengine zaidi, kumwambia "hamumjali mwanangu" ni kufunga mlango. Mi nilimfuata baada ya vipindi nikamwambia, "Mwalimu shikamoo, naomba unisaidie jicho lako kwa huyu binti, nyumbani naona hivi na hivi, wewe ukiwa naye darasani unaonaje?" Akakaa chini tukaongea. Akaniambia, "Mzazi wangu, huyu mtoto simsikii kabisa, na ukiniuliza leo kaandika nini siwezi kukwambia." Hiyo sentensi niliiandika vilevile nikaipeleka kwa dokta.

Wapi pa kwenda? Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, waangalie masikio, macho na damu, afu ombeni rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando Mwanza na KCMC Moshi zina huduma za afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe. Pigeni simu kwanza muulize siku ya kliniki ya watoto ni ipi, na bima yenu inalipia nini, usije ukasafiri na mtoto usiku kucha ukakuta siku yenyewe ilikuwa jana. Wasomaji wa Kenya mna vituo vya EARC vya kupima mahitaji ya mtoto kielimu, vipo tangu 1984, vinasaidia upande wa shule japo jibu la kitabibu bado ni la daktari.

Najua neno "afya ya akili" linatisha watu. Mama mkwe wangu alisema, "Mwanangu, unampeleka mjukuu wangu kwa vichaa?" Nikamjibu, "Hapana mama, nampeleka kwa wanaojua kwanini anasahau." Kwenye foleni tulikuta watoto wa kawaida tu na sare zao za shule. Dokta aliuliza kuanzia mimba mpaka leo, akaongea na mtoto peke yake, akapitia yale madaftari ukurasa kwa ukurasa, akatupa fomu mbili za maswali ya dalili za ADHD zinazoitwa Vanderbilt, moja ya mzazi moja ya mwalimu. Kila swali unajaza kuanzia 0 ambayo ni kamwe mpaka 3 ambayo ni mara nyingi sana, na zinazohesabiwa kama dalili ni zile za 2 na 3. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kama hamuelewi swali ombeni msomewe kwa Kiswahili, msijaze kwa kubahatisha, na baba na mama msijaze kwa kusikilizana. Majibu hayakutoka siku hiyo, na ukikuta mtu anampa mtoto jina la ugonjwa ndani ya dakika kumi bila kuuliza habari za shule, tafuta mwingine.

Maneno ya mtaani mtayasikia mengi. Soda na pipi hazileti ADHD, hilo limechunguzwa vya kutosha. Malezi mabaya hayaileti. Viboko haviiondoi, vinamwongezea hofu, na mtoto mwenye hofu anasahau zaidi. Kuombewa sipingi, hata sisi tunaomba, ila ombeni mkiwa na tarehe ya kliniki mkononi. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una mchango mkubwa sana, kama asilimia 70 hadi 80, kwahiyo msishangae dokta akianza kumuuliza baba naye alikuwaje shuleni. Mume wangu alicheka kwanza, afu akanyamaza, afu akaanza kusimulia.

Matibabu kwa kifupi. Kwa watoto wadogo wa chekechea huwa wanaanza na kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza, dawa baadaye. Kwa wakubwa kidogo kuna dawa kama methylphenidate, inasaidia watoto wengi, ila ni dawa ya kudhibitiwa, inatolewa kwa cheti cha dokta, si kila famasi inayo, na inaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kula na usingizi, kwahiyo uzito, urefu na presha vinafuatiliwa. Usimpe mtoto dawa ya mtoto wa jirani hata kama dalili zinafanana. Nyumbani kilichotusaidia sisi ni agizo moja kwa wakati mmoja, nikiwa mbele yake nimemwangalia, na yeye analirudia kwa mdomo wake. Homuweki tunaikata vipande, maswali matatu, anakunywa maji, anaruka ruka, matatu tena. Darasani kahamishiwa dawati la mbele mbali na dirisha, na mwalimu akipita anagonga kidole kwenye daftari lake bila kumtaja jina mbele ya wenzake.

Jambo ambalo wengi wanalisahau, kila Januari mtoto anapata mwalimu mpya ambaye hajui chochote. Toa nakala ya barua ya dokta, andika kwenye nusu karatasi mambo matatu yanayomsaidia darasani, mpelekee mwalimu wiki ya kwanza kabla hajaandika "hajitumi". Nakala nyingine mpe mwalimu mkuu, na kama mtoto anaingia darasa la nne lenye upimaji wa kitaifa, uliza mapema shule inaweza kumsaidiaje, usisubiri mpaka mwezi wa mtihani.