Siku 30 za rufaa zimepita na beilifu anakuja: sisi tulipitia rivisheni

Dada uliyeuliza kama kuna njia baada ya siku 30 za rufaa kukupita na hukumu inasema utoke kwenye nyumba, njia ipo, inaitwa rivisheni, yaani High Court kukagua kama magistreti alikuwa na mamlaka na aliyatumia sawasawa, mimi na mama tumeipita huku Busia, Uganda. Lakini elewa kwanza hii si rufaa iliyobadilishwa jina, watu wengi wanaangukia hapo.

Marehemu baba alituachia ploti mjini, vyumba vitatu na duka dogo mbele. Akatokea mtu na agrimenti, anasema baba alimuuzia, akafungua kesi kwa magistreti gredi wani, mama akashindwa. Loya wetu wa kwanza kila tukipiga simu anasema tulieni, rufaa naipeleka, tulieni, kumbe siku zimeisha na hajapeleka hata karatasi moja. Tulijua siku beilifu, yule mtu wa mahakama anayetekeleza hukumu, amebandika notisi mlangoni. Mama hakula siku mbili.

Loya wa pili, mzee mmoja mpole, hakutaka hadithi ya nani mwongo. Aliuliza tu, hiyo ploti thamani yake ngapi? Tukafungua faili, agrimenti ya yule bwana, ile ile aliyoipeleka mahakamani mwenyewe, imeandikwa shilingi milioni 35. Mzee akaweka kidole hapo. Gredi wani hapa Uganda mwisho wake ni mali ya milioni 20, chifu magistreti milioni 50, juu ya hapo ni High Court. Kwa hiyo aliyetoa hukumu hakuwa na mamlaka tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo kifungu cha 83 cha sheria ya Civil Procedure kinaingia, High Court inaita faili na kuangalia kama magistreti alitumia mamlaka asiyo nayo, au aliyakataa aliyo nayo, au aliyatumia kinyume cha sheria, au kwa kasoro kubwa au kwa dhuluma. Jaji hasikilizi mashahidi upya. Ukienda kumlilia kwamba magistreti alimwamini shahidi mwongo atakurudisha, hilo lilikuwa la rufaa.

Wapinzani wetu walijibu kwa nguvu, wakasema ile ni ardhi ya kimila, na kweli kesi ikiwa ya sheria ya kimila tupu gredi wani hana kikomo cha pesa. Kilichotuokoa ni karatasi ya lisi ya baba (ardhi iliyokodishwa kwa mkataba wa miaka), iliyoonyesha si ya kimila, mama alikuwa ameifungia kwenye sanduku la nguo miaka yote. Jaji akaifuta hukumu, akasema anayetaka aanze upya kwa mahakama yenye uwezo.

Sasa wewe angalia kosa la kesi yako liko wapi. Kama hukuletewa samansi, wito wa mahakama, na walisikiliza upande mmoja, rudi mahakama ile ile na Oda ya 9 ya kanuni za Civil Procedure uombe hukumu ifutwe, usikimbilie High Court. Kama umepata ushahidi mpya ambao hata kwa bidii usingeupata wakati ule, au kosa linaonekana wazi kwenye hukumu yenyewe, hiyo ni rivyu, mahakama ile ile kuangalia tena hukumu yake, Oda ya 46, na ukishakata rufaa huo mlango umejifunga.

Na tafadhali dada, kufungua ombi hakumzuii beilifu!! Sisi nusura tubomolewe huku tumekaa tunajua tuko salama kwa sababu risiti ya mahakama tunayo. Omba stei, amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, siku hiyo hiyo, na pia stei ya muda mfupi wakati ile kubwa inasubiri kusikilizwa, ikitoka peleka nakala kwa beilifu, kwa polisi na kwa chairman wa LC1 (baraza la kijiji), kila mmoja asaini amepokea. Mama alizunguka nazo kwa boda mchana kutwa.

Usikae pia. Rivisheni haina zile siku 30, lakini kifungu hicho hicho kinasema jaji anaweza kukataa kama muda umepita sana na kuigusa hukumu kutamuumiza mtu mwingine, mfano ploti imeshauzwa na mwenye kununua amejenga.

Kesho asubuhi nenda rejistri, ofisi ya mafaili ya mahakama, ulipie nakala ya rekodi yote, si hukumu peke yake, na zile karatasi alizoweka mpinzani wako. Ukizipata niandikie hapa bei iliyoandikwa na kama ni lisi, kibanja (unakaa kwenye ardhi ya mwenye hati mwingine) au ya kimila, tuangalie pamoja.